Kijivu cha Ekzosi

Mwalimu wangu wa gereji hakuliamini gari kwa maneno ya mwenyewe. Alichuchumaa nyuma yake, akatia kidole cha shahada ndani ya ekzosi, akakizungusha mara moja, akakitoa na kukiinua juani. Kikitoka cheusi tititi alikunja uso: kabureta inamwaga mafuta. Kikitoka cheupe, moto ni mkali mno, valvu zitaungua. Lakini kikitoka cha kijivu, kijivu laini kama majivu ya kuni za mkaratusi, alitabasamu. "Hii ni nzima, lete ingine," alisema. Kisha akakipangusa kidole kwenye ovaroli na kulirudia andazi lake.

Nilikuwa spanaboi wake kuanzia mwaka 1986, nikiwa na miaka 17, hapa Githurai 45. Nilijifunza kukisoma kijivu kile kabla sijajua kufungua silinda hedi, na nilikisoma kwa karibu miaka 20. Kilikuwa risasi.

Mgeni akifika hapa huuliza: arobaini na tano ya nini? Ni namba ya basi tu. Enzi za Kenya Bus, la 44 liliingia upande mmoja wa barabara ya Thika, la 45 likaingia upande wa pili. Mabasi yalikwenda zake, namba zikabaki zimeng'ang'ania mitaa kama lebo kwenye shati la mtumba. Sisi wa 45 tuko Kiambu, eneo la Ruiru, lakini kazi zetu na moshi wetu ni wa Nairobi. Reli iendayo Thika na Nanyuki inatupitia katikati, na akina mama wa nyanya hupanga bidhaa mpaka kwenye mataruma. Treni ikipiga honi wanainua vikapu na kuvuta magunia. Behewa la mwisho likipita wanarudisha kila kitu mahali pake, na aliyekuwa anahesabu chenji anaendelea alipoachia. Watu wa nje wakiona hivyo hushika kichwa. Mimi huona watu wanaoijua hatari yao kwa saa na kwa mlio.

Gereji yetu ilikuwa miti minne na mabati, katikati ya reli na barabara. Udongo wake ulikuwa mweusi wa oili, hata magugu yaliukimbia. Tulitengeneza Peugeot 404, zile pikapu zilizofungwa bodi nyuma zikabeba abiria, na Datsun 1200, na Land Rover za mashamba ya kahawa. Spanaboi alikuwa na kazi tatu: kuosha vipuri kwa petroli, kupuliza matundu ya kabureta kwa mdomo, na kunyonya mafuta. Ya tatu ndiyo iliyotofautisha mtoto na mtu mzima. Unaingiza mpira kwenye tangi, ncha nyingine mdomoni, unavuta. Ujanja ni kusikiliza. Mafuta yakipanda mpirani hutoa mlio mwembamba kama mtu anayenong'ona kwenye chupa. Ukiusikia tu, toa mpira mdomoni, uelekeze mtungini. Ukichelewa, umemeza. Mwaka wa kwanza nilichelewa mara nyingi. Petroli ya siku zile huanza na utamu wa uongo, kisha inachoma koo, halafu unateuka harufu yake hadi usiku.

Dawa ilikuwa maziwa. Mama Chai, aliyekuwa na kibanda upande wa reli, alituwekea pakiti za KCC, zile za pembetatu tulizozijua tangu shule, enzi za maziwa ya Nyayo. Bosi alilipa bila kunung'unika, ingawa alikuwa mtu wa kunung'unikia hata kiberiti. "Kunywa, osha kifua," alisema. Aliyepaka rangi magari alikunywa maziwa. Aliyechomelea alikunywa maziwa. Mafundi wa viatu wa upande wa pili, wanaoshinda na gundi puani, nao vilevile. Uliza leo mpaka rangi yeyote kati ya Roysambu na Juja, atakwambia pakiti ya jioni ni sehemu ya mshahara.

Wasomi huicheka desturi hii, nami niliwahi kuicheka, mpaka nikajua haikuzaliwa Kenya wala haikuzaliwa na ujinga. Wafanyakazi wa viwanda vya madini ya risasi huko Ulaya walipewa maziwa. Sheria ya Kisovieti iliwapa maziwa wenye kazi za sumu, na Urusi ingali nayo kwenye sheria yake ya kazi. Tena lipo tone la ukweli ndani yake: mwili uliokosa kalisi hufyonza risasi kwa pupa zaidi, kwa sababu mwili huichukua risasi kana kwamba ni kalisi. Anayekunywa maziwa kila siku ana nafuu ndogo. Ila maziwa hayaoshi kifua, kwa sababu yanashuka tumboni, nayo sumu ya mvuke imeingia mapafuni. Na mtu aliyemeza petroli akinywa maziwa akatapika, petroli inaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo inapoua. Kumbe tulikuwa tunajiongezea hatari kwa pesa ya bosi.

Nieleze jambo moja kuhusu mama yangu. Alikuwa kibarua wa shamba la kahawa upande wa Ruiru, na msimu wa kupiga dawa alirudi jioni kitambaa cha kichwa kikiwa samawati, kucha samawati, hata mikunjo ya shingo samawati. Ilikuwa dawa ya shaba ya kuzuia ugonjwa wa matunda ya kahawa. Hakuna aliyetufundisha kuiogopa, lakini tuliiogopa. Nguo zake zilifuliwa kwenye karai lake peke yake. Hakumgusa mdogo wetu kabla hajaoga. Sufuria zilifunikwa. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na rangi. Ilionekana imefika wapi na bado iko wapi. Miaka michache baadaye yule mtoto wake aliyekuwa akikwepa kitambaa cha samawati alikuwa anakula chapati kwa mikono iliyonawa petroli, na mama mwenyewe alinisifu kwamba mikono yangu ilikuwa safi. Petroli hung'arisha, huondoa grisi yote. Haikuacha rangi.

Jina lenyewe pia lilituangusha. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini yale mazito na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki. Bila shaka ni kwa sababu cha pili kilitengenezwa kwa cha kwanza. Redio ilipoanza kusema "petroli isiyo na risasi", gereji nzima ilicheka. Kijana mmoja alipiga magoti mbele ya tangi la Datsun akainua mikono: "Usifyatue, afande!" Sisi tulikuwa watoto wakubwa siku ya jaribio la mapinduzi, Agosti mosi 1982, na kambi ya jeshi ya Kahawa iko pale juu, kwa hiyo risasi tuliyoijua ilikuwa na mlio. Siku hizi utani huo sitauthubutu hapa. Tangu usiku wa Juni 25, 2024, milio iliposikika Githurai baada ya maandamano ya mswada wa fedha, neno hilo mtaani kwetu lina uzito mwingine. Lakini wakati ule lilichekesha, na jambo linalochekesha ni vigumu kuliogopa.

Risasi ilifikaje kwenye petroli? Hili nililisoma nikiwa mtu mzima, kwa hasira ya mtu aliyegundua kwamba fundi mwenzake alimchezea. Desemba 1921, mjini Dayton, Marekani, mhandisi Thomas Midgley wa General Motors alikuwa anatafuta dawa ya kugonga kwa injini, ile ngo-ngo-ngo tunayoijua gari likipanda mlima na mafuta duni. Alipata kwamba tone la kioevu chenye risasi ndani ya petroli linanyamazisha ngoma ile. Februari 1923 kikaanza kuuzwa. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano waliokitengeneza walikufa wakiwa wamerukwa na akili, na wengi wakalazwa. Wenzao walikuwa wanakiita gesi ya wazimu. Midgley aliitisha waandishi wa habari, akajimiminia kile kioevu mikononi, akanusa mvuke wa chupa kwa dakika nzima, akasema angeweza kufanya hivyo kila siku.

Nilipofika hapo kwenye kusoma niliweka gazeti chini nikatazama mikono yangu. Bwana yule mwaka 1923 alikuwa amelazimika kupumzika huko Florida kwa sababu ya risasi iliyokuwa mwilini mwake. Alijua. Alinawa hadharani kama sisi tulivyonawa, tofauti ni kwamba sisi hatukuwa tunamwonyesha mtu chochote. Na njia nyingine ilikuwepo: alkoholi pia hutuliza kugonga, na Midgley mwenyewe alikuwa ameijaribu. Alkoholi ilikuwa na kasoro moja, kila mkulima mwenye mtambo angeweza kuipika.

Wakenya wa rika langu watakumbuka kwamba sisi pia tulikuwa na alkoholi ndani ya tangi. Kuanzia 1983 hadi 1993 kiwanda cha Muhoroni kilichachusha molasi ya miwa, na spiriti yake ikachanganywa na petroli ya Nairobi, karibu sehemu moja kwa kumi. Gasoholi, tuliita. Mafundi tuliilalamikia bila huruma. Inavuta maji, inalainisha mipira ya kabureta, asubuhi za Julai gari halitaki kuwaka. Bosi aliilaani kwa Kikikuyu na kwa Kiswahili. Sikumbuki hata siku moja tukiilaani risasi. Risasi ilitunza valvu, ilikuwa rafiki wa fundi. Dawa ya kumaliza risasi ilikuwa inatiririka mikononi mwetu, na tulichokitaka sisi ni iondoke.

Petroli yetu nyingi ilitoka kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi 1963, na risasi ndiyo iliyokuwa njia yake rahisi ya kupandisha nguvu ya mafuta. Wakati huohuo, kuanzia miaka ya 1990, bandari ilifunguka kwa magari ya mitumba kutoka Japani, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Magari yale yalishuka melini na kichungio cha moshi chini ya sakafu, kile chenye matundu kama sega la nyuki. Petroli yenye risasi hukiua kichungio hicho. Matundu yanaziba, gari linakosa pumzi. Mteja analia kwamba gari la Mjapani halipandi mlima. Sisi tukafanya utafiti wetu, tukagundua "kasoro": kuna kitu kimefungwa kwenye ekzosi! Tulikifungua, tukatia mtaimbo, tukaponda sega lote likamwagika chini, tukarudisha gamba tupu. Gari likaruka kama swala. Nimevunja nyingi sana. Vumbi lake tulilifagia kuelekea upande wa reli. Siku hizi wanunuzi wa skrapu wanapita na mizani wakitafuta sega hizohizo kwa ajili ya platinamu iliyomo, na bei yake hunifanya nikae kimya.

Uamuzi wa kuiondoa risasi ulipitia karibu nasi sana. Juni 2001 serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuachana na petroli ya risasi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Johannesburg, ukaanzishwa ushirika wa kimataifa wa mafuta safi, na ofisi yake ikawekwa kwenye shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, pale Gigiri. Kutoka Githurai ni safari fupi, msongamano ukitaka. Watu walikuwa wanakaa Gigiri wakipanga kuondoa risasi duniani, na madereva wao, watu wa Mwihoko na Kiuu, walikuwa wananiletea magari yao ya nyumbani nitie kidole kwenye ekzosi. Midgley, niongeze, ndiye pia aliyeleta gesi za friji zilizokuja kutoboa tabaka la ozoni, na sekretarieti ya mkataba wa ozoni iko hapohapo Gigiri. Mtu mmoja wa Dayton, na mafaili yake yote mawili yakaishia Nairobi.

Januari 1, 2006 ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho kwa nchi zetu. Miezi ya kabla yake ilikuwa ya hofu, na hofu hiyo nataka niieleze kwa haki. Kila mwenye gari la zamani alikuja kuuliza swali moja: injini yangu itakufa? Hatukuwa tumerogwa. Kwenye vichwa vya chuma vya zamani, kama vile vya Land Rover za miaka ya 60, risasi ilikuwa inalainisha mahali valvu inapokaa. Bila yake, valvu hula kiti chake kidogokidogo. Nilinunua makopo manane ya dawa ya kusagia valvu, nikikadiria kwamba 2006 utakuwa mwaka wangu wa mavuno. Kwa swali la injini nilijibu labda watu mia. Swali la damu halikuulizwa na hata mmoja, nami sikuliuliza. Makopo saba bado ninayo. Land Rover zilizokuja zilikuwa mbili.

Kilichokuja badala yake ni fedheha. Mwezi wa pili wa 2006 ekzosi zote zilianza kutoka nyeusi. Zote. Gari nililolifanyia sevisi Jumatatu, Ijumaa kidole kinatoka cheusi. Gereji ilikuwa yangu wakati huo, bosi alikuwa amerudi Murang'a, na mimi nikafanya alichonifundisha: nyeusi ni mafuta mengi, punguza mafuta. Nilikaza skrubu za kabureta moja baada ya nyingine. Magari yakaanza kukohoa, yakachemka kwenye kilima cha Muthaiga. Dereva mmoja wa teksi, mwenye 504 nyeupe, alirudi mara tatu, na mara ya tatu hakunisalimu. "Baba, umesomea wapi kazi hii?" akaniuliza mbele ya vijana wangu. Nilifungua plagi zake. Pale nilipozoea kuona ganda la kijivu palikuwa na kahawia iliyoiva, safi. Injini ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilikuwa nzima na ekzosi ilikuwa nyeusi, jambo ambalo katika elimu yangu halikuwezekana.

Aliyenifungua macho ni mteja mwingine, dereva wa ofisi moja ya Gigiri, mtu wa maneno machache. Aliniona nimechuchumaa nikikitazama kidole, akasema, "Fundi, hiyo rangi yako ya kijivu ndiyo tuliyoitoa." Nikadhani ananitania. Akaeleza alivyosikia kwenye mikutano aliyowapeleka wakubwa: risasi haiungui ikaisha, inatoka na moshi kama chumvi na majivu, nyingine inaganda kwenye bomba, nyingine inaanguka kando ya barabara. Nyeusi ni masizi ya kawaida. Kijivu kilikuwa chenyewe.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya afya yangu. Fikiria daktari aliyemfurahia mgonjwa kwa miaka 20 kila alipoona upele, akidhani ndiyo rangi ya uzima.

Nikaanza kuhesabu kwa namna nyingine. Kuanzia 1985 Wamarekani walisema mtoto akiwa na maikrogramu 25 za risasi katika desilita ya damu ndipo wasiwasi uanze. Mwaka 1991, mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu, wakashusha hadi 10. Mwaka 2012 ikawa 5, na 2021 ikawa 3.5, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Damu ya mtoto haikubadilika. Waliopima ndio waliozidi kuona. Mwaka 2007 UNEP ilichapisha utafiti wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa la Dandora, ng'ambo ile ya Mwiki. Nusu yao walikuwa na 10 au zaidi. Jaa lina mengi yake mbali na petroli. Lakini mimi nilikuwa narudi nyumbani na ovaroli, namnyanyua mtoto, ananishika kola na kuitafuna, na mama yake anacheka.

Mimi mwenyewe miaka ya 90 niliumwa tumbo la kusokota karibu mwaka mzima. Kliniki moja ilinitibu amiba, nyingine vidonda. Sidai ilikuwa risasi. Hakuna aliyepima damu, na risasi ya damuni hupungua kwa wiki chache. Inayobaki hujificha mifupani kwa miongo. Siku hizi nikisahau jina la kipuri nacheka na kusema ni uzee, halafu nanyamaza kidogo.

Magazeti husema watu wetu hawajui hatari. Yalisema hivyo Januari 2009 lori la petroli lilipolipuka Sachangwan, na tena Septemba 2011 bomba la petroli lilipolipuka mtaa wa Sinai, Nairobi, na kila mahali walikufa watu kama mia moja au zaidi. Nimeshika petroli tangu utoto wangu wa kazi. Hakuna mtu Githurai, hata mtoto wa darasa la pili, asiyejua petroli inawaka. Aliyekwenda na ndoo alikwenda akijua, na alikuwa na hesabu yake: ndoo moja ni kodi ya nyumba, na moto labda hautakuja sasa hivi. Ile ni kamari, na kamari si ujinga. Risasi ni jambo jingine kabisa. Haikutupa nafasi ya kucheza kamari, kwa sababu hatukuona meza wala karata. Akina mama wa reli wana honi, na mama yangu alikuwa na samawati.

Na hata ukijua, kujua kwenyewe kunachagua. Baada ya 2006 nilijiona mwerevu wa risasi, huku betri mbovu zikirundikana nyuma ya gereji yangu nikiuza kwa kilo. Zilikwenda wapi? Sikuuliza, mnunuzi alikuwa analipa vizuri. Ndipo likaja la Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilichoyeyusha betri kilijengwa ukutani mwa makazi ya watu, watoto wakaingiwa na sumu, na Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo na mwanawe akaugua, akapigana mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ilirudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Niliisikia habari kwenye redio ya matatu, nikakumbuka rundo langu. Betri ni kitu kizito chenye risasi nyingi ndani yake, nami nilikuwa nimeibeba begani kwa miaka bila kuiita kwa jina lile nililojifunza kwa aibu.

Algeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho duniani kuuza petroli ya risasi, ikaacha Julai 2021. UNEP ilitangaza Agosti 30, kutoka hapahapa Nairobi, na ikakadiria kwamba vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 vinaepukwa kila mwaka. Barabara yetu wakati huo ilikuwa imekwishageuka Superhighway. Kati ya 2009 na 2012 matingatinga ya Wachina yaligeuza udongo wa kando ya barabara kuanzia mjini hadi Thika, udongo uliokuwa umekunywa ekzosi zetu kwa miongo, na tulikula vumbi lile miaka mitatu tukilalamika kuhusu kikohozi na wateja waliokosa njia ya kuingia.

Majuzi ililetwa Datsun 1200 kutoka Kiuu, imekokotwa kwa kamba. Mwenyewe alifariki 2003, ikafungiwa kwenye kibanda, watoto wamekua wanataka iwake. Kijana wangu wa kazi, fundi hodari wa magari ya kompyuta, aliizunguka akitafuta pa kuchomeka mashine yake ya kusoma makosa. Hapakuwepo. Akasimama nayo mkononi kama mtu aliyefika nyumba isiyo na mlango. Basi akachuchumaa nyuma, sijui alimwona nani akifanya hivyo, labda ni mimi, akatia kidole kwenye ekzosi, akakizungusha.

"Fundi, humu ndani kuna majivu."

Kilikuwa kijivu kile, laini, hakijaharibika hata kidogo. Miaka zaidi ya 20 hakuna aliyekigusa. Nilimwambia asikipanguse kwenye nguo, na asipulize bomba. Nilimmiminia maji mimi mwenyewe kutoka kwenye birika, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mara mbili, nikasimama hapo mpaka akamaliza. Tangi lilikuwa bado na lita kama tatu zimeoza. Tulizitoa kwa pampu ya mkono, mpira haukufika mdomoni kwa mtu. Nilimweleza yote haya niliyoyaandika, kwa ufupi kidogo. Alisikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa mahali panapostahili.

"Nimeelewa, mzee," akasema. Kisha akajifuta mikono, akavuka reli kwenda dukani, akarudi na pakiti mbili za maziwa, yake na yangu.